Jiko la Baba Lisiguswe

Mollo, Sumbawanga
12 Mei 1996

Kaka Alois,

Shikamoo. Nisamehe kwanza, halafu ndiyo usome. Tangu tuhamie huku Januari sijakuandikia hata mstari mmoja, na wewe umetuma salamu kwa watu mara mbili. Si kwamba nimekusahau. Nikishika kalamu Silvana analia, akinyamaza nasinzia mimi. Barua hii nimeianza Alhamisi, leo Jumapili ndiyo namalizia, na hapo katikati ameimwagia uji wa ulezi kama unavyoona.

Sisi hatujambo kiasi. Silvana ana mwaka na mwezi mmoja sasa, ameanza kusimama dede. Akifanikiwa anajipigia makofi mwenyewe, halafu anaanguka kwa sababu amesahau kujishika. Yohanes bado yuko Milepa na mpunga wake. Anashindwa kupanda huku kwa sababu ya kodi ya maendeleo, hana risiti, na mgambo wamekaa pale kizuizini wanakagua kila anayeshuka kwenye lori. Wiki mbili zilizopita mume wa rafiki yangu Adventina alilala mahabusu. Kwa hiyo mume wangu yuko kilomita chache chini ya mlima na ni kama yuko nchi nyingine. Mahindi yamekubali, ila mbolea ya soko huria mimi sikuiweza, nimepanda bila. Shangazi Bertilla anakusalimu, anauliza utaoa lini au unasubiri wachumba wa mitumba.

Sasa jambo lenyewe. Ni lile jiko la baba.

Unajua kwamba tangu mama atutoke nyumba hii ilikuwa imefungwa. Sisi tulipohamia ilikuwa mvua, hapakuwa na haja ya moto ndani, nilikuwa napikia kibandani. Sasa upepo wa milima ya Mbizi umeanza. Hospitali waliniambia kifua cha Silvana kisipigwe baridi tena, nimonia ya Februari ilitosha. Basi wiki iliyopita nikalisafisha lile jiko la pipa chumbani kwa mama, nikatia mkaa, nikawasha. Linatoa joto zuri. Lakini limechakaa kaka. Tumbo limeliwa na kutu, mlango haufungi sawasawa, na kwenye maungio ya bomba unaona mwanga wa moto. Na tangu niliwashe, mimi kichwa kinaniuma kila nikiamka, na Silvana analala mpaka jua linakuwa juu, yeye ambaye alikuwa akiniamsha na jogoo. Sipendi usingizi ule. Naweka kiganja puani kwake mara nyingi mpaka najichukia.

Bahati imekuja. Kuna mradi wa majiko sanifu, wamefika mpaka kwenye kata. Anayezunguka ni dada mmoja anaitwa Adela, anavaa suruali na kuendesha pikipiki, wazee wanamwita Bibi Majiko, na yeye anaitika. Mwenye nyumba akiondoa jiko lake kuukuu na kujenga lile la matofali lenye bomba la kutolea hewa nje, halmashauri inasamehe kodi ya maendeleo ya mwaka huu kwa watu wazima wawili wa nyumba hiyo. Wawili, kaka! Yohanes atapanda mlima kwa miguu yake bila kujificha kwenye magunia. Masharti ni matatu. Jiko la zamani livunjwe mbele ya mkaguzi na bomba lishushwe lote. Jipya liwe limekamilika kabla ya tarehe 31 Julai. Na mwenye nyumba aweke saini. Mwenye nyumba ni wewe, baba alikuandikisha wewe.

Fomu nimeiambatanisha. Weka saini uirudishe upesi. Na kama karakana yako inaweza kunipatia bomba jipya, matofali nitafyatua mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Otilia


Mwanjelwa, Mbeya
29 Mei 1996

Mdogo wangu Otilia,

Marahaba. Barua yako nimeipata na nimeifurahia, hata ule uji. Mimi mzima. Kazi ipo, siku hizi kila mtu anataka geti na madirisha ya chuma, matajiri wameongezeka na wezi nao wameongezeka. Nimenunua mashine ya kuchomelea ya kutoka nje, ila umeme ukikatika inabaki pambo. Mwambie shangazi nikipata mchumba atakuwa wa kwanza kumkataa.

Nimeona habari ya fomu. Nitaiangalia.

Kuhusu jiko, naomba unisikilize. Usiliwashe kwanza. Pikia kibandani kama ulivyokuwa ukifanya, na mtoto mfunike vizuri. Ninawatafutia mablanketi mawili mazito, yatakuja. Na asije fundi yeyote kulifungua, hasa lile bomba. Kitu cha baba tusikikimbilie kukivunja kwa ajili ya kodi ya mwaka mmoja. Subiri nije Desemba nitalitengeneza mwenyewe.

Barua hii nampa dereva wa lori la mbolea anayekuja huko, ni haraka kuliko posta. Usiliwashe, Otilia.

Kaka yako,
Alois


Mollo
2 Juni 1996

Kaka Alois,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Hapa wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa baridi. Asubuhi ukungu unakaa mlangoni kama mgeni asiyejua kuaga. Sijapata jibu lako na siku zinakwenda, ndiyo maana naandika tena.

Adela amekuja kukagua. Alizunguka nyumba, akapanda juu ya kinu changu akachungulia bomba pale linapotokea darini. Akaniuliza, "Mama Silvana, hili bomba lenu mbona halina masizi huku juu? Hili jiko linapumulia wapi?"

Nikamwambia sisi tunachoma mkaa, si kuni, mkaa mzuri hauna moshi. Akatikisa kichwa. Alitaka tulishushe bomba palepale aone. Nikamkatalia. Nilisema mwenye nyumba hajaweka saini, siwezi kuvunja kitu cha kaka yangu nyuma ya mgongo wake. Akaniangalia, akasema, "Basi mhimize kaka yako," akawasha pikipiki.

Silvana juzi alitapika asubuhi, na jana tena. Akitoka nje kwenye baridi anachangamka, akirudi ndani anakuwa kama amechoka. Shangazi Bertilla amesikia, amekuja na maneno yake. Anasema ni nyumba. Anasema kilichomchukua mama hakijaondoka, na kwamba bado kinakaa ng'ambo ya uzio. Unajua anamsema nani. Yule jirani yetu Msukuma, Kashinje, Mama Limbu, ambaye alimletea mama maziwa jioni ile ya mwisho. Mpaka leo watu hawanunui maziwa yake, ng'ombe wote wale, anagandisha mtindi anakunywa na watoto wake. Mimi nami simsalimii, kaka. Nakuambia wewe tu kwamba naona aibu. Anapita na ndoo, ananiangalia kama anataka kusema kitu, mimi nainama kama nimeangusha sindano.

Naogopa. Sijui kama naogopa nyumba, au yule mama, au baridi. Nikiuzima moto mtoto anakohoa, nikiuwasha analala ule usingizi. Nijibu.

Otilia


Mollo
16 Juni 1996

Kaka Alois,

Shikamoo. Yohanes hajambo huko Milepa, shangazi hajambo. Silvana yuko hai. Naanza na hilo ili usiruke mistari.

Ilikuwa Jumanne, tarehe 11. Mvua ile nyepesi ya baridi ilinyesha tangu asubuhi, upepo unapiga madirisha. Nilikuwa nimevuna mahindi siku mbili mfululizo, mgongo si wangu. Mchana nikatia mkaa wa kutosha, nikaziba chini ya mlango kwa gunia, nikafunga dirisha, nikajilaza na mtoto kifuani. Nilisema nijinyooshe kidogo tu.

Kisha nikasikia hodi. Nakuambia kaka, niliisikia vizuri kabisa. "Hodi! Hodi hapa! Mama Silvana!" Nikataka kuitika. Mdomo haukufunguka. Nikataka kuinua mkono, nikauona mkono wangu uko pale juu ya mtoto, lakini ulikuwa kama mkono wa mtu mwingine. Sikuumwa popote. Hilo ndilo linanitisha mpaka leo, kwamba sikuumwa, nilijisikia vizuri. Niliwaza, huyu anayepiga hodi atachoka ataondoka, na mimi nitaendelea kulala.

Alikuwa Kashinje. Ng'ombe wao mmoja alikuwa amevunja uzio akala mahindi yangu, mstari mzima, na hakuna aliyeona. Angeweza kumswaga akanyamaza. Alikuja kusema. Aliposikia kimya huku anaona kanga zangu zinalowana kwenye kamba, akasukuma mlango kwa bega. Mimi nakumbuka sauti yake tu, anamwita mama yake kwa Kisukuma: "Mayo wane! Mtoeni mtoto nje!" na hapakuwa na mtu mwingine wa kumtoa, alikuwa anajiambia mwenyewe. Akamchukua Silvana, akamweka chini ya mvua kwenye majani, akarudi akanishika miguu akaniburuta kama gunia. Mgongo umechubuka wote. Silvana alikuwa amelegea kama kitambaa, midomo imekuwa myekundu, mizuri. Kashinje alimpulizia mdomoni, akamsugua, akampigapiga nyayo, mpaka alipotoa kilio. Sijawahi kusikia kilio kizuri namna ile.

Akaniambia, "Huu ni ulevi wa mkaa. Mwanza shemeji yangu fundi cherehani alijifungia chumbani na pasi ya mkaa wakati wa mvua, tukamkuta amelala hivyohivyo. Mkaa unakula hewa ya watu. Hili jiko lenu limeziba mahali." Nilitapika miguuni pake. Akaniosha uso. Halafu akasema, kama vile ndiyo kwanza tunaanza mazungumzo, "Nilikuja kukuambia ng'ombe wetu ameingia kwenye mahindi yenu. Tutalipa."

Hospitali walitulaza siku mbili. Mtoto ananyonya, ananijua. Lakini hasimami tena. Nikimsimamisha magoti yanakunjika upande wa kushoto. Daktari anasema tusubiri. Mimi nasubiri, nifanye nini. Tunalala kwa Mama Limbu. Shangazi amesusa.

Sasa. Ijumaa, siku tatu baada ya hayo, utingo wa lori la mbolea ameniletea barua yako ya tarehe 29 Mei. Lori liliharibika Tunduma, barua ikakaa kwenye koti lake. Nimeisoma kaka. Nimeisoma tena. Umeandika nisiliwashe jiko. Umeandika mara mbili. Na umeandika asifungue mtu lile bomba.

Mimi sikukuambia bomba limeziba. Nilikuambia jiko lina kutu.

Ulikuwa unajua nini?

Otilia


Simu ya maandishi, imepokelewa Posta Sumbawanga 24 Juni 1996

OTILIA MOLLO. JIKO LA BABA LISIGUSWE. NAKUJA JUMAMOSI. ALOIS.


Mollo
2 Julai 1996

Kaka Alois,

Shikamoo. Jumamosi nilikwenda stendi na mtoto mgongoni. Basi la kwanza la kutoka Mbeya hukushuka. La pili lilifika jioni, vumbi tupu, nikasimama mlangoni nikamtazama kila anayeteremka mpaka kondakta akaniuliza, "Dada, unasubiri mume au unasubiri mzigo?" Nikamwambia kaka. Akasema, "Kaka? Huyo atakuja akiishiwa." Watu wakacheka, nami nikacheka ili nisilie. Jumapili nilikwenda tena.

Jumatatu nikalifungua.

Sikulivunja, maana saini yako haipo. Nilimwomba fundi Enock, yule wa baiskeli, na Adela akaja kushuhudia. Tulichubuka vidole kwa kutu. Kipande cha chini cha bomba kilikuwa safi. Tulipofika pale kwenye kona, Enock akaingiza mkono, akasema, "Humu kuna sahani."

Ni bati la debe la mafuta ya kula. Limekatwa mviringo sawasawa na bomba, likapigwa ribiti nne. Lina matundu saba ya msumari, na matano kati ya hayo yamezibwa na majivu na kutu. Ukingo umekunjwa mara mbili, ule mkunjo ambao baba alikufundisha ili bati lisimkate mtu mkono. Na pembeni kuna herufi A, imepigwa kwa ncha ya msumari, kama unavyopiga kwenye kila kazi yako tangu shuleni. Enock aliiona. Akaifuta kwa kidole, akanipa, akaenda kunawa. Adela alichora tu kwenye karatasi zake.

Nimeiweka mezani hapa naandika naitazama.

Mama alifariki usiku wa kuamkia tarehe 12 Julai, mwaka 93. Mimi nilipanda kutoka Milepa nikamkuta ameshaoshwa. Watu walisema uso wake una rangi nzuri, amelala tu, mtu mzima haendi hivi bila kurogwa. Wewe ulikuwa hapa nyumbani wiki nzima kabla, ukaondoka tarehe 9. Uliporudi kuzika hukuingia chumbani. Ulikaa nje kwenye mawe siku tatu, unakula nje, unalala kwenye lori la jirani. Nilidhani ni uchungu. Nilikuwa nakuletea chai pale nje, kaka. Nilikuwa nakuonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Sitaki kukuhukumu. Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kuvuka mto nikienda shule. Lakini miaka mitatu ulijua kuna kitu ndani ya bomba lile, ukanipa ufunguo wa nyumba nikaingia na mtoto.

Fomu nyingine hii hapa, ile ya kwanza sijui umeiweka wapi. Nataka saini. Na nataka uniandikie kilichotokea, kwa maneno yako. Usiniandikie habari ya mageti.

Otilia


Mwanjelwa, Mbeya
12 Julai 1996

Mdogo wangu Otilia,

Sina salamu. Leo ni tarehe yenyewe, umeona.

Jumamosi ile nilipanda basi. Nilifika Tunduma nikateremka. Nilikaa pale mpaka jioni nikarudi. Hiyo ndiyo sababu, sina nyingine.

Unakumbuka mama alivyokuwa akifanya. Mkaa ukishaiva na kuwa mwekundu, anapanda kigoda, anasokomeza gunia bichi kwenye mdomo wa bomba ili joto lisikimbie, na dirisha anaacha wazi kiasi cha kiganja. Asubuhi analitoa. Sote tumekulia hivyo. Mwaka ule miguu yake ilikuwa imeshaanza kutetemeka. Nilimkuta juu ya kigoda, gunia mkononi, nikaona ataanguka kwenye moto. Nikamwambia, mama, wewe keti, mwanao ni fundi. Nikakata ile sahani nikaifunga ndani ya kona. Alifurahi sana. Alisema sasa mkaa wa siku moja utatosha siku mbili. Alisema baba angeiona. Dirisha sikumkumbusha, na yeye alipoona joto linakaa, nadhani alilifunga.

Nilipopata simu nilijua kabla sijamaliza kuisoma. Nilipofika watu walikuwa wameshasema yao, wameshapata jibu lao, na mimi nikanyamaza. Nilijiambia ile ajali haiwezi kumrudisha mama hata nikiisema. Kisha siku zikaenda, na kila siku ikawa ngumu kuliko jana yake. Nilikuwa nimepanga Desemba nije nikiwa peke yangu, niitoe, na ile ajali iishe kimyakimya. Ulipohamia nilitaka kukuandikia. Nilinunua karatasi. Ilikuwa mvua, nikasema bado hawajawasha.

Silvana anasimama? Niambie kweli.

Fomu hii nimeweka saini. Ile ajali ninaibeba mimi, usimwambie shangazi. Pesa kidogo za matofali ziko ndani ya bahasha.

Alois


Mollo
21 Julai 1996

Kaka Alois,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye zizi la Mama Limbu, nimeegemea ndama. Nililia mpaka ndama akaondoka. Sikumlilia mama peke yake, nilikulilia na wewe, miaka mitatu na sahani ile kifuani. Ningekuwa na uwezo ningekuletea chai huko Tunduma.

Umeuliza kweli, nakuambia kweli. Jana Silvana alisimama, ameshika ndoo ya maziwa, nikahesabu pumzi zangu nne, akakaa. Mguu wa kushoto bado unaburuta. Kupiga makofi amesahau, au hataki. Mimi silali. Nikisinzia nasikia hodi na mdomo haufunguki. Mama Limbu akinisikia nahangaika anainuka, anafungua mlango wote, baridi inaingia, ananiambia, "Ona, hewa iko tele, lala." Watoto wake wanalalamika kwa Kisukuma, naye anawajibu neno moja wananyamaza.

Matofali nimeshafyatua na yamekauka. Adela ameniongezea mpaka tarehe 31 saa za ofisi, baada ya hapo hawezi, kitabu kinafungwa. Yohanes anasubiri huko chini. Amepeleka ujumbe kwamba hata bila risiti atapanda, nami nimemwambia asithubutu, siwezi kuogopa vitu viwili kwa mara moja.

Shangazi alikuja jana kunichukua. Akasimama nje ya uzio, hataki kukanyaga boma. "Otilia, unakula kwa mtu aliyemla mama yako?" Kashinje alikuwa palepale anakamua. Hakuinua kichwa. Mikono yake iliendelea kukamua, maziwa yakaendelea kulia kwenye ndoo, na mimi nilikuwa na barua yako kifuani, kaka, ndani ya nguo. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Sikulisema. Uliniambia nisimwambie shangazi, nami nimekutii tangu utoto. Shangazi alipoondoka, Kashinje akanimiminia kikombe akaniambia, "Kunywa, yatapoa."

Sitakutii tena kwa hilo. Lakini sitaki kukusemea. Barua uliyoniandikia siwezi kuisoma mbele ya watu. Umeandika "ile ajali" mara tatu, na jina la yule mama hukuliandika hata mara moja. Hujui kwamba mwaka jana walimchomea nyasi za ng'ombe? Wewe ulikuwa ukibeba, sawa, lakini yeye ndiye alikuwa akipigwa.

Sina nafasi ya karatasi tena. Vitu ninavyohitaji bado ni hivi, mpe kondakta wa basi la Jumatano, siyo lori:

Ukurasa wa pili wa fomu. Umeweka saini wa kwanza tu. Ninauambatanisha tena, ni pale chini, penye alama yangu ya penseli.

Bomba jipya la inchi nne, urefu meta tatu, kona moja, na kofia ya juu ya kuzuia mvua. Ndani liwe tupu. Lichungulie mwenyewe uone mwanga upande wa pili kabla hujalifunga.

Yale mablanketi mawili ya Mei. Sijayaona. Moja ni la Limbu, tumekuwa tukijifunika lake.

Risiti ya bomba, Adela anaitaka kwenye faili.

Na barua nyingine, kwa mkono wako. Itasomwa kwenye sala ya jumuiya Jumapili ya tarehe 28, mbele ya shangazi, nimeshaomba nafasi kwa mwenyekiti. Iwe na jina la mama, iwe na jina la Kashinje, iwe na jina lako kamili kama lilivyo kwenye fomu. Useme sahani uliiweka wewe, na maziwa yalikuwa maziwa. Kama unaweza kuja kuisoma mwenyewe, njoo, nitakuwa stendi. Kama huwezi, nitaisoma mimi. Isiwe fupi.

Otilia